Yowe Lililopandishwa Kilimani

Kitu chenyewe ni kidogo kuliko punje ya kahawa. Hakuna mtu wa Kamachumu aliyewahi kukiona, maana kimefungwa ndani ya chuma, na chuma hicho kimo ndani ya sanduku la njano lenye mpini mrefu. Mafundi wanaojenga barabara yetu hulisimamisha sanduku hilo juu ya udongo walioushindilia, wakasubiri dakika moja, nalo likawaambia kama udongo umekaza au bado.

Siku Dativa Kahangwa alipoonyeshwa sanduku hilo kambini, mtaalamu wa mionzi aliyetoka Arusha, Injinia Shamsia, alilisogezea kipimo kidogo mfano wa redio ya mkononi. Kipimo kikaanza kutatarika kama mahindi kwenye kikaango. Akarudi nacho nyuma hatua kumi, kikanyamaza karibu kabisa. Akasogea tena, kikatatarika tena. Dativa aliniambia baadaye kwamba alinusa hakusikia harufu, akanyoosha kiganja hakuhisi joto. Kulikuwa na kitu pale kikisema bila kukoma, mchana na usiku, na masikio tuliyopewa sisi binadamu hayakuumbwa kukisikia. Alisimama akiwa ameshika kofia ya pikipiki kifuani, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Dativa ni afisa afya wa kata, mwenye miaka arobaini na sita. Kazi yake ni vyoo, mabucha, visima na chanjo. Watu wengi wa cheo chake hukagua vyoo wakiwa wamekaa ofisini. Yeye hushuka kwenye pikipiki, akafungua mlango, akachungulia. Aliwahi kufunga bucha la shemeji yake siku mbili kabla ya Krismasi, na shemeji huyo hakumsalimia mpaka Pasaka. Nimefanya naye kazi kwenye kamati za kata kwa miaka tisa, mimi, mwalimu wa shule, nikiwa mwandishi wa mihtasari, na sijamwona akitia sahihi jambo ambalo hakulifanya. Wanaofanya kazi katika ofisi za umma wanajua hilo ni jambo adimu kiasi gani.

Sheria ilitaka kila penye chombo cha namna ile pawe na mpango wa dharura, na mpango huo ujaribiwe kwa zoezi. Kampuni ya barabara ilituletea kijitabu. Kilikuwa kimetafsiriwa kutoka nchi za mbali, kwa ajili ya watu wanaoishi jirani na vituo vya umeme wa nyuklia. Kilisema king'ora kikilia kila mtu aingie ndani, afunge madirisha ya vioo, azime feni, asubiri tangazo. Mtendaji wa kata, Bwana Byabato, alipendekeza tubadilishe jina la mahali, tugonge muhuri, tupeleke wilayani. Alisema zoezi lenyewe litaandikwa tu kwamba limefanyika, kama mengine yalivyoandikwa. Hakusema uongo kuhusu hayo mengine. Niliyaandika mimi, na sijivunii.

Dativa alikataa. Alimwomba Shamsia aeleze kwa maneno ya kawaida jambo baya kabisa linaloweza kutokea.

Shamsia akaeleza. Gari la kushindilia linaweza kulikanyaga sanduku, chuma kikapasuka, kile kidogo kikatoka. Mtu anayepita mbali hatapata dhara. Hatari ni kwa wanaosogea, wanaokanyaga, wanaoshika, wanaobeba vumbi kwa miguu mpaka kwenye vitanda vya watoto wao. Kwa hiyo mpango mzima, ukiondoa maneno marefu, unataka jambo moja tu: watu wasisogee.

Nilimwona Dativa akiinamisha kichwa. Nilijua anawaza nini, kwa sababu kila aliye karibu naye anajua habari ya kisima cha Ijuganyondo.

Ilikuwa miaka kumi na sita iliyopita, wakati wa masika. Dativa alikuwa amepanga chumba Kashai, mjini Bukoba, akimalizia masomo yake ya afya. Nyumbani kwao Ijuganyondo, mama yake, Adventina, alikuwa amemwajiri mtu kufukua kisima cha zamani. Mtu yule alishuka kwa kamba, akafika chini, akalala kama aliyeshikwa na usingizi. Adventina alikuwa peke yake. Akasimama mdomoni mwa kisima akapiga enduru, lile yowe letu la kuomba msaada.

Asiye Mhaya aelewe jambo hili. Enduru ikipigwa, aliyeisikia huipokea akaipiga kwake, na wa kibanja kinachofuata, yaani shamba la migomba lenye nyumba, akaipokea pia, na wote huacha walichoshika wakakimbilia inakotoka. Hawaulizi ni nini. Anayebaki nyumbani bila sababu chama cha kuzikana humtoza mkungu wa ndizi na dumu la lubisi, pombe yetu ya ndizi, na akirudia, ipo siku atafiwa akachimba kaburi mwenyewe. Sijui sheria iliyoandikwa inayoheshimiwa kama hiyo.

Wa kwanza kufika alikuwa Kyaruzi, mtoto wa kiume wa Adventina, kaka wa Dativa. Akashuka kumtoa yule fundi. Akalala. Jirani akashuka kuwatoa wote wawili. Akalala naye. Watu walizidi kufika, na bila mzee mmoja aliyekaa juu ya kamba akakataa kuinuka, wangeendelea kushuka. Dativa alipofika na bodaboda kutoka Kashai alikuta wanaume watatu wamelazwa kwenye majani ya migomba, hawana jeraha, hawana hata tope juu ya kifundo cha mguu. Hewa mbaya iliwamaliza, hewa isiyo na rangi.

Hakuna aliyemlaumu Adventina. Dativa alimchukua akaja kuishi naye Kamachumu. Lakini tangu siku ile mama huyo hajasikika akipaza sauti. Hata msibani hulia kimya, khanga mdomoni. Mama na binti walikula sahani moja miaka kumi na sita bila kukitaja kisima.

Kwa hiyo Dativa hakuchukulia zoezi lile kama karatasi ya wilaya. Alitaka kujua kama watu wake wakisikia enduru kwa mara nyingine wataishia kulazwa kwenye majani.

Zoezi la kwanza tulilifanya kama kijitabu kilivyosema. Sanduku bandia la mbao, lililopakwa rangi ya njano, liliwekwa chini ya gurudumu la gari la kushindilia kwenye kona ya barabara. Dereva wake, Alexander, baba wa watoto wawili, akalala kando kama aliyeumia. King'ora kikalia kutoka kwenye gari la kampuni. Watu wachache walitoka uani wakashika viuno wakatazama, wakidhani ni kampeni ya chanjo. Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma kahawa akamwona Alexander chini. Akapiga enduru.

Nimesoma na nimefundisha, na nimeona mikutano ya hadhara ya kila aina, lakini sijawahi kuona kitu kama kile. Yowe lilipita kutoka kibanja hadi kibanja kuelekea bondeni, likapanda ng'ambo, likarudi. Halafu migomba ikaanza kutikisika. Walitoka kila upande kama maji. Wanaume na ngazi, wanawake na madumu ya maji, wengine na mablanketi, mapanga, baiskeli yenye machela. Kwaya ya Kilutheri ilitoka mazoezini na majoho yake. Mzee ambaye hajafika barabarani tangu mwaka jana alifika akishikilia mti wa uzio. Nilihesabu mpaka mia nne nikaacha, na saa yangu ilionyesha dakika tisa. Nyuma yao, nilijua, kulikuwa na vyungu vinaungua kwenye mafiga, milango wazi, na hakuna aliyegeuka kuitazama. Niliwaza kwamba kama siku moja nitaanguka, nianguke hapa.

Wanane walimnyanyua Alexander juu juu. Wengine, kwa wema, waliliokota sanduku la njano wakalihamishia kivulini lisiungue jua, na kila aliyepita alilifuta vumbi kwa mkono.

Wa kwanza kabisa kufika na ngazi alikuwa Bwana Byabato. Gozbert, katibu wa chama cha kuzikana, mtu asiyeacha mzaha umpite, alimwuliza kwa adabu zote, “Mtendaji, waitu, kwa mujibu wa mpango wako si uko ndani umefunga dirisha la kioo?” Byabato akajibu kwamba nyumba yake haina kioo, ina mbao, na kwamba miguu yake haikusoma mpango.

Shamsia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya gari, kalamu haiendi. Alisema amesimamia mazoezi haya katika mikoa minane na hajaona watu wanaokimbiliana hivi. Kisha akasema kwa upole kwamba lingekuwa tukio la kweli, wote mia nne wangekuwa wamechafuka, na vumbi lingekuwa limeshaingia katika kila nyumba ya kata. Taarifa yake ilikuwa na neno moja: tumeshindwa. Alitupa mwezi mmoja.

Kamati ilikaa siku tatu mfululizo. Byabato alikuwa na mashauri mawili. La kwanza, tuwanong'oneze mabalozi wa nyumba kumi tarehe ya zoezi, watu wakae ndani, tufaulu. Dativa alisema hilo likifanyika ataandika kwa mkono wake kwamba hatukufanya zoezi, tulifanya maigizo. La pili, itolewe amri ya kukataza enduru eneo lote la ujenzi, atakayepiga atozwe faini. Wengi waliinua mikono. Hapo Dativa alisimama, na maneno yake niliyaandika yote.

“Siwezi kumfundisha mtu amsikie mwenzake akilia, afunge mlango. Tukilifundisha hilo leo kwa sababu ya sanduku, kesho litatumika kwa mwanamke anayepigwa na kwa nyumba inayoungua. Hicho mnachotaka kukiua ni kikubwa kuliko hicho kilichomo kwenye sanduku.”

Gozbert alimwuliza basi anataka nini. Alisema hajui. Aliomba wiki moja.

Nalitazama jambo hili hata sasa kwa hofu ya heshima. Miji mikubwa watu husimama pembeni ya majeruhi wakimpiga picha kwa simu, na hakuna anayehitaji kufundishwa kukaa mbali. Huku kwetu ubaya wetu ulikuwa ni wema, na mwanamke mmoja alikuwa akitafuta namna ya kuuokoa bila kuuvunja.

Jioni ya siku ya nne, alinisimulia, alikuwa jikoni na mama yake wakimenya ndizi. Alikuwa akijisemea tu, kama mtu anayerudia hesabu iliyogoma: yowe likipigwa watakuja, na wakija wataangamia. Mama yake alimenya ndizi mbili zaidi. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye kisu, “Nililia pale pale kisimani. Ningelilia barabarani, wangekuja barabarani.”

Miaka kumi na sita ilikuwa imefunguliwa mlango, na Dativa aliendelea kumenya ndizi asije akaufunga. Mama akaongeza kwamba kamba ya pili, ya kumfunga anayeshuka ili avutwe, ilikuwa stoo, na barabarani siku ile alipita mtu wa umeme mwenye mashine, ambaye pengine angejua habari ya hewa mbaya. Lakini yeye alisimama penye kisima, na watu wakaja penye kisima, kwa sababu watu huja unapolilia. Akaosha kisu, akaweka chungu motoni.

Kesho yake Dativa aliingia kwenye kamati kabla ya saa mbili, akachora ramani ubaoni kwangu shuleni. Enduru ibaki kama ilivyo, na anayeisikia akimbie kama zamani. Ila anayeona hatari asiipige pale. Afumbe mdomo, aondoke kuelekea upepo unakotoka, apande mpaka uwanja wa zamani wa gulio juu ya kilima, hatua mia nne kutoka kwenye kona, na hapo ndipo apige. Watu watakuja kilimani, kwenye hewa safi, na Gozbert atasoma daftari la chama cha kuzikana jina kwa jina, tujue nani hayupo na nani alipita karibu. Majeruhi atatolewa na watu sita wa kampuni wenye mavazi ya kazi hiyo, ambao watakuwa kambini muda wote.

Byabato alisema hiyo ni rahisi mno kuwa mpango. Shamsia, aliyekuwa akisikiliza kwa simu, aliomba tumrudie ile idadi ya hatua na upande wa upepo. Kisha akasema, “Huo ni mpango.”

Gozbert ndiye aliyeona ugumu wake. “Afisa, nimemkuta mtu chini ananiita. Unataka nigeuke, nipande kilima nimenyamaza kama ninakwenda mnadani?”

“Ndiyo,” Dativa alisema. “Hicho ndicho kitu chote ninachokuomba.”

Tulitumia majuma matatu. Alisimama baada ya misa kwa Wakatoliki na baada ya ibada kwa Walutheri, akaenda kwenye vyama vya kuzikana, akaketi, akapewa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, akaeleza. Vijana walicheka. Wazee hawakucheka. Walielewa kwamba wanaombwa kumeza yowe, na waliuliza ni nani ataweza.

Adventina alisema ataweza yeye. Dativa alimkatalia mara mbili. Mama ana miaka sabini na nne, na kilima kile si cha mchezo. Mara ya tatu mama hakuomba. Alisema tu kwamba kila siku asubuhi atakwenda kukata nyasi za kutandika sakafuni kupitia ile kona, na siku watakayoamua iwe siku, iwe. Hakutaka kuambiwa tarehe.

Alipita siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, na hapakuwa na kitu. Siku ya sita, saa nne kasoro asubuhi, nilikuwa nimesimama uwanjani pa gulio na saa mkononi. Dativa alikuwa kambini na wale sita. Kutoka juu niliiona kona yote: gari la kushindilia limesimama mshazari, kipande cha njano chini ya gurudumu, Alexander amelala kifudifudi, mkono umenyooshwa.

Adventina alitokea na mzigo wa nyasi kichwani. Akasimama. Mzigo ukaanguka. Alexander alikuwa ameambiwa aombe msaada, na akaomba, lakini hakuna aliyemfundisha maneno aliyotumia. Aliniambia baadaye kwamba yalimtoka yenyewe alipomwona kikongwe yule. Aliita, “Mama. Mama, usiniache.”

Nilimwona akipiga hatua moja kumwendea. Nikasema moyoni, basi, tumekwisha. Tena sikumlaumu. Alisimama hivyo, mguu mmoja mbele, nadhani nusu dakika. Kisha akachukua ncha ya khanga, akaitia mdomoni, akaiuma, akageuka.

Alipanda. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Mwanamke wa miaka sabini na nne alipanda kilima kile huku nyuma yake mwanamume akimwita mama, na hakukimbia wala hakugeuka. Alipita karibu na wanawake wawili waliokuwa wakipalilia maharage, wakamwamkia, hakuwajibu. Nilikuwa peke yangu pale juu na niliivua kofia yangu bila kujua. Kila siku nawaambia wanafunzi wangu habari ya nidhamu. Sikuwa nimewahi kuiona ikitembea.

Alipofika usawa wangu alitoa khanga mdomoni. Alitweta. Kwa muda nilidhani sauti haitakuja, kwamba miaka kumi na sita imeikausha. Halafu akainua kichwa akapiga enduru, na ilikuwa sauti ya mwanamke wa miaka thelathini, na ng'ombe waliokuwa bondeni waliacha kula.

Ikapokewa, kibanja hadi kibanja. Migomba ikatikisika, wakatoka na ngazi, madumu na mablanketi. Wakaipita kona kwa mbali kana kwamba haipo, wakapanda kilimani, mamia yao, mpaka uwanja ukajaa na vumbi letu safi likapanda juu. Bwana Byabato alikuja wa nne, na ngazi yake. Chini, wale sita waliovaa nguo nyeupe walisogea bila haraka, wakamlaza Alexander kwenye machela, wakatandika turubai juu ya sanduku. Hakuna mguu mwingine uliokanyaga pale.

Gozbert akafungua daftari. Safari hii hakutania. Alisoma majina mia mbili na kumi na tisa ya wenye nyumba, na kila jina likaitikiwa, isipokuwa matatu: mmoja yuko hospitali Bukoba, mmoja amesafiri, na Adventina, ambaye sauti ilikuwa imemwishia. Akainua mkono.

Dativa alipanda na pikipiki, Alexander nyuma yake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alexander alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akapiga magoti kwa adabu ya kwetu, akamwamkia. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua mtoto aliyetoka kuoga. Yuko mzima. Alimtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alexander ana umri ule aliokuwa nao Kyaruzi.

Kisha akamgeukia binti yake. Alisema kwa sauti iliyokwaruza, wala si kwa kulalamika, “Kumbe iliwezekana.”

Shamsia, aliyekuwa amepanda kutoka kambini kuandika taarifa yake, aliacha kuandika. Dativa alikaa chini kwenye nyasi na sare yake ya kazi, miguuni pa mama yake.

“Hukufundishwa, Mama,” alisema. “Hakuna aliyekuja kukufundisha.”

Mama alifikiri. Akasema, basi, wafundishe na wa Ijuganyondo.

Jumapili iliyofuata walipanda basi wote wawili kwenda Ijuganyondo, huko Bukoba. Adventina alikuwa hajakanyaga kibanja chake cha zamani tangu mazishi. Niliambiwa kwamba Dativa alieleza mpango mbele ya chama cha kuzikana cha kule, na alipofika mahali pa kueleza yowe lipigiwe wapi, mama yake alimwomba anyamaze, akainuka, akatembea kutoka kisimani mpaka barabarani huku watu wote wakimfuata, akawaonyesha mahali pa kusimama.